Polishi inapunguza, nta inaongeza: namna ya kuamua gari lako linahitaji ipi

"Bosi, nikupigie na polishi?"

Ukiwa na gari Dar es Salaam utaulizwa swali hilo kila Jumamosi, na wengi wetu hujibu "piga" bila kuangalia kijana ameshika kopo gani. Mimi nilijibu hivyo kwa karibu miaka miwili. Nilikuwa na Premio nyeusi, na nyeusi haina siri: kila kitu kinaonekana. Basi kila mwezi ilipigwa mashine yenye pedi ya sufu na uji mweupe, ikitoka hapo unaweza kujitazama ukachana nywele. Mwaka wa pili nikaona kwenye ukingo wa boneti, juu ya taa ya kulia, alama ya kijivu urefu wa kidole, kama kioo kilichopumuliwa. Nikaifuta kwa maji, ikapotea. Ilipokauka ikarudi. Nikalipeleka gari kwa fundi rangi mmoja mzee. Akapitisha kidole gumba mara mbili, hata miwani hakuvaa.

"Hapa kliya imekwisha," akasema, yaani lile tabaka la uwazi la juu ya rangi. "Nani alikuwa anaisugua?"

"Ilikuwa inapigwa polishi tu, mzee."

"Ndiyo hiyo hiyo."

Neno lenyewe linatuponza

Polishi ya kwanza maishani mwetu ni kiwi ya viatu vya shule. Ya pili, kwa waliokulia kwenye nyumba za sakafu ya saruji, ni ile nyekundu ya kopo bapa, iliyopakwa mtu akiwa amepiga magoti na kipande cha blanketi kuukuu mkononi. Zote mbili, ukizichunguza, ni nta iliyolainishwa kwa kiyeyushi chenye harufu ya tapentaini. Unapaka, kiyeyushi kinaruka hewani, nta inabaki, unaipiga brashi inang'aa. Umeongeza kitu juu ya ngozi au juu ya saruji.

Polishi ya gari haina undugu na hizo. Ndani yake mna unga laini mno wa kusagia, mara nyingi oksidi ya alumini, umekorogwa kwenye mafuta na maji. Ni msasa wa majimaji. Msasa wenyewe, kabla ya kuwa karatasi ya dukani, ulikuwa jani la mti lenye kukwaruza ambalo mafundi walisugulia mbao, na kazi yake haijabadilika: kuondoa. Unapoona mkwaruzo umepotea baada ya polishi, usidhani umejazwa. Rangi ya pembeni yake imechongwa mpaka ikalingana na kina cha mkwaruzo.

Nta, ambayo madukani wanaiita waksi, ndiyo ndugu halisi wa kiwi. Haichongi chochote. Inakaa juu kama koti la mvua. Mavi ya kunguru, utomvu wa mwembe na chumvi ya bahari vinaanza kulila koti kabla ya kufika kwenye rangi. Koti likichakaa unavaa jingine.

Kwa hiyo polishi ni kusugua, nta ni kupaka. Kijana akikuambia anakupigia polishi, muulize: "Unasugua au unapaka?" Nimeshauliza hivyo sehemu nyingi, na jibu huwa linaeleweka hata kama kopo limeandikwa Kijapani.

Kwa nini kusugua kuogopwe kidogo

Magari mengi ya leo yana tabaka nne juu ya bati: dawa ya kuzuia kutu iliyoshikishwa kwa umeme, praima, rangi yenyewe, halafu kliya, ile ya uwazi inayotoa mng'ao. Tabaka zote kwa pamoja, gari likitoka kiwandani, zina unene wa kama mikroni 100 hadi 150, yaani sehemu moja ya kumi ya milimita na ushee. Kliya peke yake ni mikroni 40 au 50 hivi. Unywele mmoja wa kichwa chako una kama 70.

Kompaundi, yaani polishi yenye unga mkali zaidi, kwenye mashine inaweza kuondoa mikroni kadhaa kwa kikao kimoja. Polishi laini ya mkono huondoa kidogo sana. Sasa ipigie hesabu Premio yangu: mara moja kwa mwezi, miezi ishirini na kitu, tena kwenye ukingo wa boneti ambako rangi huwa nyembamba kuliko katikati. Kilichonishangaza si kwamba iliisha. Ni kwamba ilichukua muda wote huo.

Na kliya si urembo tu. Ndiyo yenye dawa ya kuzuia miale ya jua isiichome rangi iliyo chini yake. Ikiwa nyembamba mno jua linaimaliza lenyewe, na hapo utaona vile vibandiko vyeupe juu ya paa vinavyobanduka kama ngozi ya kitunguu.

Hatua ya 1: Osha, kivulini, bila sabuni ya unga

Huwezi kuamua chochote juu ya gari chafu. Lioshe asubuhi kabla jua halijachachamaa, ndoo mbili: moja ya maji ya shampuu ya gari, nyingine ya maji matupu ya kusuuzia kitambaa kila kinapotoka kwenye mwili wa gari. Anza paa, malizia chini. Sabuni ya unga ya nguo inakata nta yote, na zile chembe ambazo hazijayeyuka zinakwaruza. Kupangusa vumbi kavu kwa kitambaa kila asubuhi, jambo ambalo madereva wengi huliona ndiyo heshima ya gari, ni kulipiga msasa kidogo kidogo.

Kama maji yako ni ya kisima cha chumvi, na sehemu nyingi za Dar ndiyo hayo, usiyaache yakaukie. Kausha kwa taulo la maikrofaiba mara moja. Madoa meupe ya duara yaliyokwisha kukauka mara nyingi hutoka kwa siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, futa, suuza. Yasipotoka yameshaichimba kliya, na tutayakuta mbele.

Hatua ya 2: Iulize rangi maswali manne

Swali la maji. Mwaga kikombe cha maji juu ya boneti safi. Yakijikusanya vitone vya duara kama shanga, nta bado ipo. Yakilala na kutandaa kama shuka, imekwisha.

Swali la mfuko. Ingiza mkono kwenye mfuko mwembamba wa nailoni, ule wa mkate unatosha (rambo tumeagana nazo tangu Juni 2019), kisha pitisha vidole taratibu juu ya rangi. Nailoni inakuza mguso: mahali ulipodhani pamelainika kama kioo utasikia ngozi ya papa. Huo ni uchafu ulioganda, yaani utomvu, chembe za chuma kutoka kwenye breki, au rasharasha ya rangi kutoka kwa jirani aliyekuwa anapaka geti. Dawa yake si polishi wala nta. Ni klei, udongo maalumu laini unaoteleza juu ya rangi iliyolowa maji ya shampuu na kuung'oa uchafu. Ukidondoka chini utupe, hata kama umeununua jana. Mchanga mmoja ukinasa humo unachora gari zima.

Swali la tochi. Hili ndilo kubwa. Jioni au ndani ya kibanda, washa tochi ya simu, isogeze karibu na mlango, uangalie pembeni mwa mwanga. Ukiona mistari myembamba inayozunguka mwanga kama utando wa buibui, hiyo ni mikwaruzo ya kuoshea. Zunguka gari lote. Upande wa dereva huwa mbaya zaidi kuzunguka kitasa, na boneti huwa mbaya kuliko yote kwa sababu ndiyo inayofutwa kila siku. Utando huo ndio unaofanya rangi nyeusi ionekane ya kijivu juani. Rangi ipo, ila mwanga unatawanyika kwenye mikwaruzo maelfu badala ya kurudi machoni ukiwa umenyooka.

Swali la ukucha. Mkwaruzo mmoja mmoja ulio wazi, pitisha ukucha kuukata. Ukipita bila kusita, polishi inaweza kuuondoa. Ukikwama, mkwaruzo ni wa kina kuliko unavyoruhusiwa kuchonga. Uache, au utafute kalamu yenye namba ya rangi ya gari lako. Ukitaka kuufukuzia na mashine utaishia mahali nilipoishia mimi.

Na kama paa au boneti ina mabaka yenye kingo kama ramani, kliya imeinuka, usinunue kopo lolote. Nta itashika kwenye kingo na kuacha weupe, polishi itazidi kubandua. Hiyo ni kazi ya fundi rangi peke yake.

Hatua ya 3: Jua kama gari lako lina kliya

Chukua kitambaa cheupe, weka tone la polishi, sugua sehemu iliyojificha, mfano chini ya mlango. Kitambaa kikibaki na uchafu tu, kliya ipo. Kikitoka na rangi ya gari, basi ni rangi ya tabaka moja. Magari ya zamani yako hivyo, na nyeupe nyingi za Hiace na Probox ziko hivyo hata zikiwa za miaka ya karibuni. Rangi hiyo ikizeeka hutoa unga kama chaki ukiigusa. Ni rangi inayoitikia polishi kuliko zote, unasugua dakika tano inakuwa mpya, lakini ujue kile kinachobaki kwenye kitambaa ni rangi yenyewe imehama.

Ukiwa hapo, fungua boneti utafute kibati cha taarifa. Kwenye Toyota za Japani kuna mstari wa rangi, umeandikwa C/TR au COLOR. Herufi na tarakimu za mwanzo ndizo namba ya rangi. 040 ni nyeupe, 070 ni ile nyeupe ya lulu, 1F7 ni ya fedha, 202 ni nyeusi. Yangu ilikuwa 202, nyeusi yenye sifa ya ulaini. Hata mkono wa shati wenye kifungo unaiandika. Mwenye 1F7 anaweza kuishi na utando wa buibui miaka kumi asiuone. Ndiyo maana ushauri wa jirani mwenye gari la fedha usiubebe mzimamzima kwenda kwenye gari jeusi.

Hatua ya 4: Amua

Maji yanajikusanya shanga na tochi haionyeshi kitu? Rudi nyumbani, huna kazi.

Maji yanalala lakini tochi haionyeshi utando mkubwa? Paka nta tu. Magari mengi yanayoletewa "polishi" yako hapa, na kinachouzwa kwao ni kuchongwa bila sababu.

Tochi inaonyesha utando, au rangi imefubaa, au madoa ya chumvi na ya ndege yamegoma? Polishi kwanza, halafu nta. Siku hiyo hiyo, usiache usiku upite kati. Rangi iliyotoka kusuguliwa iko uchi.

Kuna hali mbili zinazodanganya. Ya kwanza ni gari lililotoka yadi. Linang'aa, tochi haioni kitu, unajisifu. Mara nyingi limepakwa mafuta ya kujaza mikwaruzo, na baada ya kuoshwa mara tatu nne utando unachomoza wote. Subiri mwezi ndipo ulipime. Ya pili ni gari lililopakwa rangi upya gereji. Rangi za mtaani hukauka kwa hewa, na viyeyushi vinaendelea kutoka kwa wiki kadhaa hata kama kidole hakinati. Ukiifunika kwa nta mapema unavifungia ndani. Mpe fundi angalau mwezi. Wengine husema miezi mitatu, nami huwa nawasikiliza.

Halafu zipo zile za mbili kwa moja, zinazosugua na kupaka kwa mkupuo. Si mbaya. Mwenye Noah nyeupe, watoto watatu na Jumapili moja tu ya kupumzika, atumie hizo mara mbili kwa mwaka na alale. Ubaya ni kuzitumia kila mwezi ukidhani unapaka nta, kumbe msasa umo ndani. Lebo zenyewe hazisaidii. Nimeona kopo lina neno la polishi na la nta kwa herufi zinazolingana ukubwa. Nikiwa na shaka nachukua kava la plastiki la CD, natia tone, nasugua kwa kitambaa laini duara kumi, naangalia kwenye mwanga. Likichujuka na kupata vistari, kopo lina msasa. Likibaki wazi, ni nta, au kama lina msasa basi ni laini sana.

Kuhusu seramiki kwa ufupi: ni koti la silika linalogandamana na kliya na kudumu kwa miaka, si wiki. Linataka rangi isuguliwe kwanza na mkono unaojua, kwa sababu litakachofungia chini kitakaa humo. Halizuii jiwe la barabara ya Chalinze. Kama bajeti ipo, sawa. Kama haipo, nta inatosha kabisa.

Hatua ya 5: Kusugua, ikibidi

Kanuni ni kuanza na kilicho dhaifu. Nunua polishi laini, usinunue kompaundi. Pima eneo la kama sentimita 40 kwa 40 katikati ya boneti, mbali na kingo. Matone manne madogo kwenye sifongo, kila moja si zaidi ya punje ya njegere. Yapake kwanza bila nguvu, kisha sugua kwa mistari ya kwenda na kurudi, halafu ya kukata, shinikizo la wastani, dakika mbili au tatu. Uji utaanza mweupe, utapungua, utabaki utelezi mwembamba unaokaribia uwazi. Hapo simama, futa, washa tochi. Ukiridhika na theluthi mbili ya mikwaruzo kuondoka, endelea na gari lote kwa kipimo hicho. Nasema theluthi mbili kwa makusudi: kuifukuzia ile ya mwisho ndiko kunakokula kliya.

Gari zima kwa mkono ni kazi ya siku nzima na mabega yatakuambia. Ukitaka mashine, tafuta ile ambayo pedi yake inazunguka huku ikiyumba. Ikibanwa sana inasimama yenyewe, kwa hiyo ni vigumu kuunguza. Ile ya fundi, grenda yenye pedi ya sufu, inazunguka mahali pamoja na kutoa joto. Mikononi mwa mtu mzoefu inafanya maajabu. Mikononi mwa kijana wa wiki mbili, ndiyo iliyokula ukingo wangu. Kwa mashine yoyote, bandika tepu ya karatasi kwenye kingo zote za boneti na milango, kwenye mikunjo ya bati, na kwenye plastiki nyeusi ambazo polishi ikikaukia haitoki. Bampa ni la plastiki, halisambazi joto kama bati, kwa hiyo usikae sehemu moja. Na gusa boneti kwa kiganja kabla ya kuanza: ikiwa ya moto, acha. Polishi itakauka kabla haijafanya kazi, utabaki unasugua vumbi.

Ukimaliza, futa gari lote kwa spiriti ya duka la dawa iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu (isiwe gari lililopakwa rangi karibuni). Inaondoa mafuta ya polishi, ambayo yangeziba mikwaruzo kwa muda na kukudanganya, na inaipa nta mahali pa kushika.

Taa za mbele zilizogeuka njano, kwa njia, ni kazi ya polishi, si ya nta. Ila ukizisugua umeondoa koti lake la kuzuia jua, kwa hiyo nazo zipake kitu baadaye, la sivyo miezi michache tu njano imerudi.

Hatua ya 6: Kupaka nta

Nta bora ya asili ya gari ni karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti mmoja wa jamii ya michikichi wa kaskazini-mashariki mwa Brazil. Rafiki yangu wa Tabora aliwahi kuniuliza kwa nini tununue ya Brazil wakati kwao nta ya nyuki imejaa. Swali lake lina jibu la kipimajoto. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na boneti nyeusi iliyoegeshwa juani saa saba mchana inaweza kufika huko. Karnauba inasubiri mpaka nyuzi 82 au 86. Nta ya nyuki hutiwa kwenye mchanganyiko ili kulainisha, lakini ikiwa peke yake itanata, na vumbi la Mbagala litahamia hapo.

Mbali na karnauba kuna za kutengenezwa kiwandani, za polima, ambazo wengine huziita sila. Karnauba inatoa ung'avu wenye kina, mtamu kwenye nyeusi na nyekundu, lakini hapa pwani hesabu wiki sita hadi nane. Sila inang'aa kikavu zaidi na huvuka miezi minne. Kwa gari linalolala nje na kuvuka feri ya Kigamboni kila siku, ningechukua sila bila kufikiri.

Sasa kupaka. Kosa la kila mtu ni wingi. Lowesha sifongo kidogo, gusa nta, zungusha mara moja tu kwenye kopo. Paka mlango mzima kwa kiasi hicho. Kama unaona weupe mzito, umepaka ya magari matatu. Ziada yote utaitoa kwa jasho na haitaongeza ulinzi hata kidogo. Unachotaka ni ukungu mwembamba, kama pumzi kwenye kioo, ambao ukiinamisha kichwa ndipo unauona. Fanya paneli mbili, kisha rudi kwenye ya kwanza na upitishe kidole mara moja. Kikiacha njia safi inayong'aa, imekauka, futa. Kikiburuta na kuacha mafuta, subiri dakika chache zaidi. Futa kwa maikrofaiba safi, geuza upande, futa tena. Kitambaa kikianza kugoma na kuburuta, kimejaa, chukua kingine. Usifanye juani na usiache ikae mpaka kesho, itaganda na utarudi hapa kuniuliza namna ya kuitoa. (Paka nyingine juu yake, futa zote mbili kwa pamoja.)

Epuka kupaka kwenye plastiki nyeusi zisizopakwa rangi; nta huacha weupe kwenye vinyweleo vyake. Na usikubali zile njia za mkato za kuleta mng'ao: dizeli iliyopanguswa juu ya rangi inanasa vumbi kabla hujafika nyumbani, na mafuta ya breki yanalainisha na kubabua rangi kabisa.

Kalenda yangu

Kipupwe, Julai hasa, hewa ikiwa kavu na boneti haiungui, ndipo napima kwa tochi na kusugua ikibidi. Mara nyingi haibidi. Mwishoni mwa Februari napaka nta kabla masika haijaanza, narudia baada ya mvua, na tena kabla ya vuli. Katikati naangalia maji yanavyojikusanya ninapoosha. Yakianza kulala kwenye paa na boneti, sehemu zinazopigwa jua zaidi, napaka hizo mbili tu na milango naiacha.

Mavi ya kunguru hayasubiri kalenda. Yana asidi, na jua likiyapika juu ya bati yanaacha shimo lenye umbo lake. Weka chupa ya maji na kitambaa kwenye buti, lowesha, subiri dakika mbili yalainike, yanyanyue bila kuyasugua.

Ukingo wa boneti ulipakwa rangi upya, na mwenye jicho kali anauona mpaka leo: weusi wake unakataa kufanana na wa jirani yake jua likiwa upande mmoja. Kopo la polishi nililonunua mwaka ule lipo kabatini, halijafika nusu. La nta ni la tatu hili. Na Jumamosi, kijana akija na swali lake, huwa namwambia apeleke mashine kwa mwingine, anipe mimi kitambaa kikavu.